Somo: Nakshi za chokaa katika vyumba vya Warumi wa kale

Dari la bafu la umma la Forum (uwanja mkuu wa mji) kule Pompeii, mji wa kale wa Warumi nchini Italia, linawadanganya wengi. Wakitazama picha husema, "Jiwe hilo limechongwa." Ni lipu ya chokaa, imefinyangwa ikiwa mbichi. Kazi ilikwenda hivi.

Hatua ya 1: Zima chokaa mapema. Mawe yaliyochomwa hutiwa maji, yakaachwa yaive. Vitruvius, msanifu wa karne ya 1 KK, aliipima kwa jembe. Likitoka na vibonge, bado haijaiva; likitoka kavu na safi, chokaa ni dhaifu, ina kiu; ikinata kama gundi, haya, kazini.

Hatua ya 2: Tengeneza dari. Kwenye dari za tao walifunga matete kwenye mbao, wakakandika. Matabaka ya chini ni chokaa na mchanga, ya juu ni chokaa na unga wa marumaru. Vitruvius alitaka matatu-matatu. Kuta nyingi za Pompeii hazifiki huko. Mafundi ni mafundi.

Hatua ya 3: Finyanga. Hapa ndipo penye fundi na kibarua. Mistari ya mwongozo ilichorwa kwanza, na mapambo ya kujirudia pembezoni yakapigwa mhuri. Lakini watu, wanyama na miti vilijengwa kwa mkono: bonge la chokaa, kidole, kijiti, na haraka kabla halijakauka. Nakshi za jumba la Farnesina, lililofukuliwa Roma mwaka 1879, zimeinuka kidogo mno hata mwanga usipotoka ubavuni huzioni vizuri. Siku hizi zimo Palazzo Massimo, jumba la makumbusho huko Roma.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, si wangetumia jasi? Inashika upesi.
Jibu: Ndiyo kasoro yake. Kwa pambizo za dari Vitruvius aliikataza kabisa: jasi hushika mbele, chokaa ikabaki nyuma, kazi isikauke sawasawa.

Swali: Kwetu Lamu tuna zidaka, vile vishubaka vya ukutani vyenye nakshi. Si ndiyo hayo hayo?
Jibu: Chokaa ni chokaa, ingawa yenu ilitoka kwenye matumbawe. Tofauti iko mkononi: zidaka nakshi yake huchongwa ndani ya lipu, Mrumi aliongeza juu ya ukuta.

Swali: Zilikuwa nyeupe zote?
Jibu: Nyingi, ndiyo. Ila nenda kaone ukuta wa uwanja wa mazoezi kwenye bafu za Stabiae, Pompeii hiyo hiyo. Rangi tele!