Kuchagua Monita Nzuri ya Kompyuta kwa Bajeti Ndogo Jijini Mwanza

Mnunuzi mwenye fedha kidogo anapoingia katika duka la kompyuta jijini Mwanza, mara nyingi huvutwa na monita mpya ya bei ya chini kwa sababu tu bado imo ndani ya boksi lake. Ushauri wangu ni kwamba, kwa fedha hizohizo, atafute monita iliyotumika ofisini, yenye kioo cha IPS, yaani aina ya kioo kinachotunza rangi hata ukikitazama kutoka pembeni, kisha aikague kwa makini kabla ya kulipa. Monita za ofisi za Dell, HP au Lenovo zilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayekaa mbele yake kutwa nzima, na nyingi zina stendi inayopanda na kushuka, jambo linaloweza kuwapunguzia watumiaji maumivu ya shingo.

Kioo ndicho kinachostahili fedha yako kuliko kitu kingine chochote. Kioo cha aina ya TN ni cha bei nafuu, lakini rangi zake hugeuka mara tu unapokitazama kutoka chini au pembeni. Cha aina ya VA huonyesha weusi uliokolea, ingawa picha zinazokwenda kasi huweza kuacha kivuli. Cha IPS hutunza rangi kutoka karibu kila upande, na kwa mwanafunzi, mhasibu au mhariri wa picha za harusi hicho ndicho kinachofaa. Namba ya modeli imebandikwa nyuma ya monita, kwa hiyo itafute kwenye intaneti kwa simu yako ukiwa palepale dukani ujue aina ya kioo chake.

Kwa ukubwa, inchi 22 hadi 24 zenye pikseli (nukta zinazounda picha) 1920 kwa 1080 zinatosha. Pikseli hizohizo zikitandazwa kwenye inchi 27, herufi huonekana zenye kingo zisizo laini, na ile yenye 1366 kwa 768 iache hata ukipunguziwa bei.

Usisahau matundu ya kebo ya picha, yaani HDMI, DVI au VGA. Dell P2414H, kwa mfano, ina kioo kizuri cha IPS lakini haina HDMI. Hata hivyo, ina DVI, na kebo ya kutoka HDMI kwenda DVI huiunganisha na kompyuta mpakato bila kifaa cha kubadilisha mawimbi. Monita yenye VGA peke yake huhitaji kifaa hicho, kwa hiyo gharama yake uijumlishe kwenye bei kabla hujasema ni rahisi.

Ukaguzi ufanyike dukani, monita ikiwa imewashwa kwa angalau nusu saa, kwa kuwa baadhi ya hitilafu hujitokeza kifaa kikishapata joto. Fungua picha nyeupe tupu inayojaza kioo kizima utafute madoa, manjano au kona zilizofifia. Kisha nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, ili kugundua pikseli zilizokufa au zilizoganda kwenye rangi moja. Punguza mwangaza, kisha tazama kioo kupitia kamera ya simu: michirizi minene inayotembea ni dalili kwamba taa za nyuma zinawaka na kuzima kwa kasi, hali inayowachosha macho baadhi ya watu. Bonyeza kila kitufe, tikisa taratibu kebo ya umeme na ya picha, na usikubali kuambiwa kwamba picha inayokatika ni tatizo la waya bila kuletewa waya mwingine ukajaribu tena. Mnunuzi atakayevuka kwenda Ukerewe awe mkali zaidi hapa, maana kurudisha monita mbovu kwa kivuko ni nauli na siku nzima ya kazi. Risiti iandikwe modeli, namba ya mfululizo na muda wa kurudisha.

Nyumbani, ngurumo za ziwani na umeme usiotulia vinadai tahadhari: tumia kifaa cha kulinda dhidi ya umeme unaopanda ghafla, na radi zikianza chomoa waya kabisa. Usiku, wadudu wadogo wa ziwani hufuata mwanga na wengine huingia hadi nyuma ya kioo. Mdudu akiingia, usimbonyeze, kwa sababu atapondeka na doa litabaki. Zima monita, washa taa mahali pengine chumbani, umwache atoke mwenyewe.