Jinsi ya kuchambua namba kubwa kuwa namba tasa zinazozidishana, kwa kalamu na karatasi tu (mfano 2,450,448)

Ukipewa namba kama 2,450,448 usikimbilie kalkuleta, anzia mkiani. Inaishia na 8 kwa hiyo ni shufwa, ila usiridhike na hapo, chukua tarakimu nne za mwisho, 0448, gawanya kwa 16 unapata 28 kamili, basi namba nzima inagawanyika kwa 16 maana 10,000 yenyewe inagawanyika kwa 16, tarakimu za mbele hazina neno. Tano za mwisho kwa 32? 50448 inabakiza 16, kwa hiyo 2 zinazoingia zimeishia nne (2×2×2×2 = 16).

Jumlisha tarakimu: 2+4+5+0+4+4+8 = 27, basi 9 inaingia. Hapa wengi wanateleza, wanaona 27 wanadhani na 27 nayo inaingia, wapi, hiyo kanuni ni ya 3 na 9 tu.

Sasa utamu wenyewe. 7, 11 na 13 watu wanaziogopa bure tu, zizidishe zote tatu unapata 1001, na 1000 imepungua moja tu kufika hapo, kwa hiyo kata namba makundi ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia alafu toa, jumlisha, toa, jumlisha kwa zamu: 448 − 450 + 2 = 0. Sifuri! Yani zote tatu zinaingia kwa mpigo. Kama ingetoka 91 mfano, unaichunguza hiyo 91 tu: 7 na 13 zinaingia, 11 haingii, na namba kubwa ni hivyohivyo.

Gawanya kwa 1001 upate 2,448, hiyo igawanye kwa 16 unapata 153, hiyo nayo kwa 9 unapata 17 ambayo ni tasa. Kwisha:

2,450,448 = 2⁴ × 3² × 7 × 11 × 13 × 17

(Namba ikigoma kila kitu, unajaribu namba tasa hadi kwenye kipeuo chake cha pili basi, kwa hii ni 1,565 na ushee.)

Ukishafika hapo mengine ni mteremko. Idadi ya vigawo: kila kipeo (ile namba ndogo ya juu, isipoandikwa ni 1) ongeza 1 alafu zidisha, 5×3×2×2×2×2 = 240, kwa sababu 2 unaweza usiichukue kabisa au ukaichukua mara moja hadi nne, hizo ni njia tano, na zingine vivyo hivyo. Jumla ya vigawo vyote ni 31×13×8×12×14×18 = 9,749,376, ambapo 31 ni 1+2+4+8+16, 13 ni 1+3+9, 8 ni 1+7 na kuendelea. Ondoa namba yenyewe inabaki 7,298,928, karibu mara tatu yake, wakati 28 ukiifanyia hivyo unarudi kwenye 28 ileile.

Je, ni mraba kamili? Hapana, 7, 11, 13 na 17 zimekaa moja moja bila wenza. Izidishe kwa 17,017 ndo inakuwa mraba wa 204,204.