SOMO: Umeanguka kwenye ngazi za hoteli Kenya? Fanya haya kabla hujaondoka

Kila wiki napata ujumbe uleule: "Dada, nimeanguka hotelini, nifanyeje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Mimi si wakili. Nilianguka kwenye ngazi za hoteli moja ya Pwani, nikavunjika kifundo cha mguu, nikaifuata kesi mpaka hukumu.

Jueni hili kwanza: kuanguka peke yake hakuleti fidia. Sura ya 34 ya Sheria za Kenya inamtaka anayeendesha jengo awe na uangalifu unaofaa ili mgeni awe salama. Kuthibitisha kwamba hakuwa nao ni kazi yako: kipandio kilicholegea, taa iliyoungua, reli iliyong'oka, maji yaliyoachwa bila kupanguswa.

1. Tibiwa. Tunza risiti zote, hata ya teksi.

2. Piga picha kabla hawajapangusa: kipandio, ngazi nzima, taa. Huwezi kuinuka? Mpe simu uliye naye.

3. Chukua majina na nambari za walioona.

4. Kitabu cha matukio. Hapa ndipo nilipoharibu. Meneja alikuja na kitabu, mpole kabisa, akaandika yeye, nami nikasaini huku machozi yananitoka kwa maumivu. Sikusoma. Mwaka uliofuata wakili wa bima akanisomea mbele ya hakimu: "Mgeni aliteleza kwa sababu ya viatu vyake." Saini yangu iko chini. Kwamba taa ya ngazi ilikuwa imezima, hakuna neno. Nilishinda, lakini hakimu aliona nami nina sehemu ya lawama, fidia ikapunguzwa. Kwa hiyo: soma kila mstari. Kama hawakuandika taa au maji, ongeza kwa mkono wako kabla ya kusaini. Wakikataa, usisaini. Piga picha ukurasa wenyewe. Na usiseme "pole, nilikuwa na haraka" kwa ajili ya adabu tu. Itaandikwa.

5. Wiki hiyohiyo peleka barua ukiomba picha za kamera zinazokuonyesha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako. Usichelewe, kamera hurekodi juu ya picha za zamani.

6. Madai ya uzembe yana miaka 3 ya kufikishwa mahakamani, tangu siku ya ajali. Mazungumzo na bima hayasimamishi saa.

7. Dai lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo. Shtaki kampuni iliyosajiliwa, si jina la kibao. Tafuta CR12, hati rasmi inayoonyesha kampuni na wakurugenzi wake, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.

MASWALI

Kaka Mtaa: Nilianguka 2020, nitalipwa ngapi?
Jibu: Soma hatua ya 6. Kiasi hutegemea ripoti ya daktari, nami sijaiona.

Bin Juma: Wewe si wakili, unapotosha watu.
Jibu: Nimesema hivyo mstari wa tatu. Onyesha kosa, nitarekebisha.

Mwanafunzi wa Sheria: Shikamoo dada. Hoteli ikiwa imeweka kibao cha "sakafu ina maji", imejikinga?
Jibu: Marahaba, swali zuri sana. Sura ya 34 yenyewe inasema onyo halitoshi mpaka limwezeshe mgeni kuwa salama. Sheria yetu inafuata ya Uingereza ya 1957, na Lord Denning, jaji wa Uingereza, aliieleza vizuri katika kesi ya Roles v Nathan, 1963. Kama daraja la kuingilia nyumbani ni moja na ni bovu, kibao hakimsaidii mgeni, maana lazima apite. Kukiwa na daraja jingine zima karibu, kibao kinatosha. Sasa lete hotelini: lifti imekufa, chumba kiko ghorofa ya nne, ngazi ni moja. Mgeni apite wapi? Lakini kama kibao kilikuwepo nawe ukashuka mbio, tegemea kukatwa fidia.

Mama Neema, Tanga: Na huku kwetu Tanzania?
Jibu: Miaka 3 pia kwa madai ya uzembe. Ila sheria ya Uingereza niliyoitaja haiwahusu moja kwa moja, ninyi mlirithi sheria za Uingereza zilizokuwepo hadi 1920 tu, na hiyo ya 1957 ilikuja baadaye. Wakili wa huko ndiye wa kukuongoza.

Fundi Salim: Mimi huweka vigae. Pima urefu wa vipandio. Kimoja kikizidi wenzake hata kidogo, mguu hukosea.
Jibu: Ahsante, fundi. Wekeni futi ya kupimia kwenye picha. Na viatu msivioshe, wekeni kwenye mfuko vilivyo.

Mwanafunzi wa Sheria: Picha za simu zinakubalika?
Jibu: Ndiyo, pamoja na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza zilivyopigwa na kuchapishwa. Usiuze simu hiyo kabla kesi haijaisha.