Plagi na gepu kwa Datsun iliyochongwa hedi

Datsun 1200 yangu imechongwa hedi (uso wa kichwa cha injini umepunguzwa, hivyo mgandamizo umepanda), na kwa joto letu la Mtwara plagi ya kawaida haiifai tena. Mgandamizo ukipanda, chukua plagi ya baridi zaidi, yaani inayotoa joto haraka, kwa hatua moja. Kwa NGK namba kubwa ndiyo baridi: toka BP5ES, nenda BP6ES. Bosch ni kinyume, hapo wengi huchanganya.

Kama bado unatumia platina (swichi ndogo ndani ya distribyuta inayokata umeme ili cheche itoke), weka gepu, yaani nafasi kati ya vijino viwili vya plagi, ya milimita 0.7 hadi 0.8. Gonga kijino cha pembeni taratibu. Cha katikati usikiguse, kauri itapasuka.

Kisha pandisha mlima wa Newala kwa nguvu, zima, subiri ipoe, fungua plagi. Ncha ikiwa kahawia, umepatia. Nyeupe yenye vichembe vinavyong'aa, usiendelee: pistoni itatoboka. Nyeusi ya masizi, anza na kabureta.