Suti na viatu vya ngozi kwa laki moja: ninavyochagua mtumba Karume

Mimi ni fundi cherehani, Ilala, Dar es Salaam, lilipo soko la mitumba la Karume. Hakipiti kipindi bila mtu kuniletea koti alilokwisha kulilipia na kuniambia, "Fundi, nipunguzie mabega." Roho huniuma, kwa sababu hela aliyotoa ilitosha kabisa kupata koti zuri, ila hakujua aangalie wapi.

Tuseme una usaili au harusi na mfukoni una 100,000. Igawe kabla hujatoka nyumbani: suti 45,000, viatu 30,000, fundi cherehani 15,000, dobi na fundi viatu 10,000. Fungu la fundi usiliguse hata ukutane na koti la kukutoa machozi. Suti ya bei ndogo iliyopita kwa fundi hukaa mwilini kuliko ya bei kubwa iliyovaliwa ilivyotoka mezani.

Hatua ya 1: Jipime

Zungusha futi kifuani, ipite chini ya makwapa. Ukipata sentimita 100, gawanya kwa mbili: 50 ndiyo namba yako kwenye makoti ya Ulaya. Toa 10, unapata 40, namba ya Uingereza na Marekani. Viatu namba 42 vya Ulaya ni kama 8 ya Uingereza. Ziandike kwenye simu. Sokoni hakuna chumba cha kujaribia, kwa hiyo vaa fulana nyepesi na suruali ya kitambaa chembamba ili ujaribu juu kwa juu.

Hatua ya 2: Nunua mabega

Hapa ndipo pa kutumia muda wako wote. Kiuno cha koti nakibana kwa nusu saa. Mkono naupunguza. Bega likiwa kubwa, inabidi nifumue mkono, bitana na pedi, kisha nivirudishe vyote, na bado koti linaweza kukaa vibaya. Gharama yake inakaribia bei ya koti lenyewe.

Vaa, funga kifungo cha juu (cha katikati kama viko vitatu), shusha mikono. Mshono wa bega uishie pale mfupa wako unapoishia. Halafu simama ubavu karibu na ukuta au nguzo ya kibanda, jisogeze taratibu. Pedi ya bega ikigusa kabla ya mkono wako, hilo ni kubwa, lirudishe. Mwombe mwenzako akutazame mgongoni: kola ya koti ilalie shingo, isiachie mwanya. Urefu nao ufunike makalio. Koti fupi halirefuki.

Hatua ya 3: Soma lebo, kisha finya kitambaa

Lebo ya kitambaa mara nyingi iko ndani ya mfuko wa ndani. Wool, Laine, Lana, Schurwolle: yote hayo ni sufu, kwa lugha nne. Wengi wanaiogopa wakidhani ni ya baridi. Sufu nyepesi inapitisha hewa na kunyonya jasho. Poliesta ndiyo inayokupika kwenye foleni ya Buguruni. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani na uuchome ukishatoka pembeni ya meza. Sufu inanuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Poliesta inayeyuka na kuganda kama punje ngumu.

Sasa kifua. Finya kitambaa cha nje kwa vidole viwili chini ya kifungo cha juu, finya na cha ndani, kisha uvitenganishe taratibu. Ukihisi kuna kitambaa cha tatu kinachoteleza katikati, koti hilo limeshonwa, halikubandikwa gundi, na litadumu. La gundi si lazima uliache, ila kagua kifua kwenye mwanga: ukiona vipele kama rangi ya ukuta iliyopigwa na unyevu, gundi imeachia, na hakuna pasi itakayoirudisha.

Ukikuta mifuko ya nje bado imefungwa kwa uzi wa kiwandani, furahi. Huenda koti hilo halikuvaliwa sana.

Hatua ya 4: Tafuta kasoro kwenye jua

Toka nalo nje ya turubai. Liinue dhidi ya mwanga. Matundu ya nondo yataonekana kama nyota. Kagua bitana ya kwapani. Kwenye suruali, geuza ndani uangalie mapajani palipokwanguka, na matakoni panapong'aa. Kitambaa kinachong'aa kimekwisha.

Mara nyingi koti na suruali hupotezana kwenye mabalo, yale marobota ya mitumba. Ukiambiwa "Bosi, hii ndiyo suruali yake," linganisha lebo za ndani: mara nyingi suti moja huwa na namba moja. Kama hazifanani, usioanishe bluu na bluu inayokaribiana, maana kwenye picha itaonekana umekosea. Chukua koti la bluu na suruali ya kijivu kwa makusudi. Angalia pia mshono wa nyuma wa suruali: ukikuta kitambaa cha akiba sentimita tatu hivi kila upande, fundi anaweza kukuachia kiuno.

Hatua ya 5: Viatu

Kunja kiatu pale vidole vinapokunjikia. Ngozi hutoa mikunjo midogo midogo kama kiganja. Plastiki hufanya mkunjo mmoja mkali au kuchanika utando. Kisha tazama soli. Ukiona ukanda mwembamba wa ngozi umezunguka kiatu na uzi umepita juu yake, geuza uangalie chini: uzi ukionekana na huko, au mfereji wake, soli imeshonwa na fundi viatu anaweza kuibadilisha. Uzi wa juu peke yake unaweza kuwa pambo. Vingi vya kushonwa vya Uingereza hutoka Northampton, na herufi iliyo pembeni ya namba ni upana: G ni kipana kuliko F.

Soli laini kama sifongo ziogope. Mteja wangu alivaa viatu vinavyong'aa kwenye harusi ya kaka yake. Kabla keki haijakatwa soli ilikuwa imemomonyoka vipande sakafuni. Aina hiyo huozeshwa na unyevu wa hewa hata ikiwa kabatini. Bonyeza kwa ukucha: ikibaki shimo au ikitoa unga, weka chini. Jaribu viatu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi utakazovaa siku yenyewe.

Hatua ya 6: Bei

Nenda asubuhi mabalo yanapofunguliwa kama unataka kuchagua, jioni kama unataka kupunguziwa. Kasoro uliyoiona, mwonyeshe muuzaji kwa heshima, umtajie na gharama ya kuirekebisha. Hoja hiyo huielewa kuliko "punguza bwana".

Hatua ya 7: Kabla ya kuvaa

Suti ipeleke kwa dobi anayejua sufu. Maji ya moto huisinyaza. Ukipiga pasi, weka kitambaa chenye unyevu juu yake. Viatu vifute ndani kwa siki, vijaze magazeti, vikauke kivulini, kisha vipigwe kiwi.

Kwa fundi nenda umevaa viatu hivyohivyo, maana pindo la suruali hupimwa juu ya kiatu. Mwambie mkono wa koti uishie kwenye kifundo, shati lichungulie sentimita moja. Kama matundu ya vifungo vya mkononi yametobolewa kweli, mwonyeshe kabla hajashika mkasi, kwa sababu mkono wa namna hiyo hupunguziwa begani. Na mpasuo wa nyuma ukiwa bado umefungwa kwa uzi wa msalaba, ukate. Kiwanda kiliuweka ili koti lisikunjike safarini.