Kufunga Kamera ya Kasi Kwenye Mkanda wa Chupa za Maziwa Nakuru

Kabla ya kununua kamera ya kukagua chupa katika kiwanda cha maziwa cha hapa Nakuru, pima kwanza kasi ya mkanda, kwa kuwa ndiyo inayoamua mengine yote. Mkanda ukienda mita 1 kwa sekunde, na kamera ikapokea mwanga kwa milisekunde 1, chupa itakuwa imesogea milimita 1, na tarehe iliyochapwa kifunikoni itaonekana kana kwamba imepanguswa kwa kidole ingali mbichi. Punguza muda huo hadi mikrosekunde 100, na msogeo utabaki sehemu ya kumi ya milimita.

Muda mfupi hivyo unahitaji mwanga mkali. Kwa hiyo funga taa ya LED inayomweka pale tu kamera inaponasa picha, wala usitegemee taa za dari, ambazo nyingi hupepesa mara 100 kila sekunde kwa umeme wetu wa hezi 50.

Chagua kamera ambayo kihisi chake, yaani sehemu ya ndani inayopokea mwanga, kinanasa picha nzima kwa pamoja, maana kinachosoma mstari baada ya mstari hupinda umbo la chupa inayopita. Kwa kupeleka picha kutoka kamera hadi kompyuta, kebo ya Etheneti hufika mita 100. Ya USB 3, mita chache tu.