Somo: Miezi 36 ya GI Bill na namna ya kuitumia bila kuipoteza

Ndugu zangu, somo hili nimeliahirisha mno. Kila muhula unapoanza nakutana na kijana wetu, Mkenya, Mtanzania au Mkongo, aliyevaa magwanda ya jeshi la Marekani miaka minne na kutoka salama, naye anakesha ghalani akipakia mizigo. Nikimuuliza kuhusu shule ananiambia, "Sijui hata pa kuanzia." Wengine waliingia jeshini kwa kadi ya kijani, wengine kwa mpango wa MAVNI uliochukua watu kwa ajili ya lugha zao, Kiswahili kikiwamo. Haki hii ya GI Bill, sheria ya Marekani inayowalipia masomo waliotumikia jeshini, mmeitolea jasho, nami nataka muichukue yote.

GI Bill ya kwanza ilitiwa saini na Rais Roosevelt tarehe 22 Juni 1944. Ninayoifundisha leo ni ile ya Post-9/11, iliyoanza tarehe 1 Agosti 2009. Inakupa miezi 36 ya masomo. Mwaka wa chuo ni kama miezi tisa, kwa hiyo digrii ya miaka minne inaimaliza miezi yote na haubaki hata mmoja wa kuchezea. Kila hatua hapa chini isome ukiwa na hesabu hiyo kichwani.

Hatua ya 1: Soma DD-214 yako

Hii ni hati uliyopewa ulipotoka jeshini. Wengi huitunza kwenye bahasha bila kuisoma. Itoe. Kwanza hakikisha ni nakala ya Member-4, kwa sababu nakala fupi ya Member-1 haina ile sehemu ya chini yenye maneno muhimu. Kisanduku cha 12c kinaonyesha muda uliotumikia kwa miaka, miezi na siku. Kisha shuka hadi kisanduku cha 24. Panapaswa kuandikwa HONORABLE, neno hilo peke yake. Ukikuta UNDER HONORABLE CONDITIONS (GENERAL), GI Bill hutapewa, hata kama hospitali ya VA, yaani idara ya serikali inayohudumia wanajeshi waliotoka, inakutibu. Nimeshaona ndugu yetu akilia mezani kwangu kwa sababu aliliona neno "honorable" katikati ya mstari akadhani mambo ni shwari, akajiandikisha chuo, bili ikamjia yeye. Kama uko hapo, usikate tamaa: unaweza kuiomba Discharge Review Board ya jeshi lako ipitie upya namna ulivyoachiliwa, ndani ya miaka 15 tangu ulipotoka.

Hatua ya 2: Jua asilimia yako

Asilimia hii ndiyo sehemu ya malipo kamili utakayopewa. Unahesabiwa utumishi wa jeshi wa muda wote baada ya tarehe 10 Septemba 2001. Miezi 36 au zaidi ni asilimia 100. Kuanzia miezi 30 ni 90, miezi 24 ni 80, miezi 18 ni 70, miezi 6 ni 60, na siku 90 ni 50. Mwenye Purple Heart, nishani ya waliojeruhiwa vitani, anapata 100, na vilevile aliyetumikia angalau siku 30 mfululizo akaachiliwa kwa ulemavu alioupata kazini. Kama jumla yako haifiki miezi 24, mafunzo ya mwanzo hayahesabiwi.

Hatua ya 3: Omba

Ingia VA.gov, jaza fomu 22-1990, weka namba za akaunti yako ya benki. Ni bure. Mtu akikuambia anataka ada ya kukujazia, mkimbie. Ukikubaliwa utapata cheti cha kustahiki chenye asilimia yako na miezi iliyobaki. Kitunze.

Hatua ya 4: Chagua chuo kwa hesabu

VA ina zana mtandaoni iitwayo GI Bill Comparison Tool. Andika jina la chuo, itakuonyesha kama kimeidhinishwa na utapata kiasi gani. Ukiwa na asilimia 100, chuo cha umma kinalipiwa karo yote ya mkazi wa jimbo. Chuo binafsi kina kikomo kinachobadilika kila Agosti; kwa mwaka wa masomo 2024–25 kilikuwa dola 28,937.09. Karo ikizidi hapo, uliza kama chuo kimo katika mpango wa Yellow Ribbon, ambapo chuo na VA hugawana ile ziada.

Kabla ya kujiandikisha masomo, kitumie chuo rekodi yako ya mafunzo ya jeshi, yaani Joint Services Transcript. Waliokuwa jeshi la anga rekodi yao iko Community College of the Air Force. Krediti utakazokubaliwa ni masomo ambayo hutayalipia kwa miezi yako.

Kisha mtafute yule afisa wa chuo anayepeleka usajili wa wanajeshi VA. Asipoupeleka, hakuna kinachosogea hata kama umekubaliwa na kila mtu. Mpelekee cheti chako mkononi na urudi kila muhula. Mimi wangu nilimjua kwa jina, hadi na watoto wake.

Hatua ya 5: Pesa ya nyumba

Hapa ndipo watu wetu wanapoumia, basi twende polepole.

Karo inalipwa chuoni moja kwa moja. Wewe unapata pesa ya nyumba kila mwezi, pamoja na ya vitabu, hadi dola 1,000 kwa mwaka. Pesa ya nyumba hupimwa kwa posho ya nyumba ya mwanajeshi wa cheo cha E-5 mwenye familia, kwa msimbo wa posta wa kampasi unakohudhuria masomo mengi. Anayesoma San Diego anapata zaidi ya anayesoma mji mdogo wa Kansas.

Ukisoma mtandaoni peke yake, unapata nusu ya wastani wa taifa. Chukua somo moja tu la darasani, unalipwa kwa kiwango cha kampasi yako. Somo moja!

Pia lazima usome zaidi ya nusu ya mzigo kamili. Chuo kikihesabu krediti 12 kuwa mzigo kamili, krediti 6 ni nusu kamili, na pesa ya nyumba ni sifuri. Krediti 7 ni asilimia 58, VA wanaisogeza hadi 60, nawe unalipwa asilimia 60 ya kiwango chako. Nina rafiki aliyesoma krediti 6 muhula mzima huku akikopa kodi kwa shemeji yake, na krediti moja ilikuwa pale pale.

Pesa huja mwezi ukiisha: ya Septemba unaipata Oktoba. Siku za likizo kati ya mihula hazilipwi, kwa hiyo Desemba na Januari hela huja pungufu. Weka akiba kuanzia mwezi wa kwanza wa masomo, maana mwenye nyumba hana likizo.

Kila mwezi thibitisha kwamba bado unasoma, kwa kujibu ujumbe wa simu au barua pepe ya VA. Ukikaa miezi miwili mfululizo bila kuthibitisha, malipo yanasimamishwa.

Hatua ya 6: Usiache somo bila kuuliza

Niliacha somo la takwimu katikati ya muhula, na VA wakanisamehe. Kumbe msamaha huo hutolewa mara moja tu, na hauzidi krediti 6. Mwaka uliofuata nikaacha kemia nikidhani mambo ni yale yale. Safari hii VA walinidai pesa ya nyumba kuanzia siku ya kwanza ya muhula, na chuo kikanidai karo. Nililipa kidogo kidogo zaidi ya mwaka. Ukipatwa na ugonjwa au msiba, omba barua ya daktari au cheti cha kifo na uwapelekee VA kama sababu, kabla deni halijaandikwa.

Maswali ya wanachama

Dada, mume wangu yuko jeshini mwaka wa saba na anataka kunipa hiyo shule. Inawezekana?

Inawezekana mdogo wangu, na asichelewe. Lazima awe ametumikia miaka 6, akubali kuongeza 4, na aombe akiwa bado amevaa magwanda. Akishatoka, mlango umefungwa. Ujue pia kwamba akiwa bado kazini, karo yako italipwa lakini pesa ya nyumba hutaipata. Mtoto huipata, ila ataanza kutumia baba akishafikisha miaka 10 ya utumishi, na lazima amalize kabla ya kutimiza miaka 26.

Mimi ni National Guard, jeshi la akiba la jimbo, nilipelekwa nje ya nchi miezi 10 kwa amri ya Title 10, yaani ya serikali kuu. Nina asilimia ngapi?

Wikendi za mazoezi hazihesabiwi, na kwa kuwa hujafika miezi 24, mafunzo ya mwanzo nayo hayamo. Ile miezi 10 inakupa asilimia 60. Ukiitwa tena, inaongezeka.

Shikamoo dada. Nataka kurudi Nairobi nikasome huko huko. Wanalipa?

Marahaba. Wanalipa vyuo vya nje vilivyoidhinishwa, na kozi lazima iwe ya digrii. Tafuta jina la chuo kwenye ile zana kabla hujakata tiketi. Pesa ya nyumba huko ni kiwango kimoja cha wastani wa taifa la Marekani, na kwa kodi za Nairobi hicho ni kiasi cha maana.

Nikiwa na GI Bill, FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa karo wa serikali, ya nini tena?

Kaka, jaza! GI Bill haihesabiwi kama kipato chako, na mwanajeshi aliyetoka hahitaji kuweka mshahara wa wazazi. Ukistahili Pell Grant, ruzuku ya serikali kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, ambayo kiwango chake cha juu mwaka 2024–25 kilikuwa dola 7,395, hiyo ni pesa juu ya pesa, na hairudishwi.

Mimi ni wa zamani, nilikatwa dola 100 kila mwezi kwa miezi 12 kwa ajili ya Montgomery, ile GI Bill iliyotangulia ya Post-9/11, nikatoka, nikarudi jeshini tena. Nimepoteza zile pesa?

Soma vizuri hapa, kaka. Aprili 2024 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika kesi ya Rudisill kwamba mwenye vipindi viwili tofauti vya utumishi, kila kimoja kikiwa na haki yake, anaweza kutumia vyote viwili hadi jumla ya miezi 48. Waandikie VA waipitie upya rekodi yako, hata kama waliwahi kukukatalia.

Nilitoka 2014 nikaanza kuendesha lori. Muda wangu umeisha?

Haujaisha. Aliyetoka kuanzia tarehe 1 Januari 2013 hana ukomo, kwa sheria ya mwaka 2017. Waliotoka kabla ya hapo walipewa miaka 15.

Nikifeli somo nitarudisha pesa?

Ukihudhuria hadi mwisho, ukafanya mtihani na ukapata F, hurudishi kitu. Ukitoroka darasani katikati ya muhula na F ikawekwa kwa kutoonekana, watakudai.